John McLaughlin: Kinyonga au Mwanafunzi?

Muhula uliopita, katika semina yetu moja, palizuka ubishi ambao mpaka leo haujanitoka kichwani. Mwalimu alikuwa ametupa swali la kawaida kabisa: mtindo wa msanii ni nini? Mwenzetu mmoja, hodari wa kusema, akajibu kwamba mtindo ni ile alama ambayo hata ukilifunika jina la mtunzi kwenye jalada, baada ya beti mbili tu utamtambua. Jibu zuri, na wengi tuliliandika daftarini. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza: je, msanii anayebadilika kila baada ya miaka mitatu minne, huyo hana mtindo? Nikamtaja John McLaughlin, mpiga gitaa wa Uingereza, ambaye amepiga bluzi, jazi, roki, muziki wa Kihindi, flamenko, na hata muziki wa okestra kubwa za Kizungu. Yule bwana hakusita. "Huyo si msanii mwenye mtindo," akasema, "huyo ni kinyonga." Darasa zima likacheka, muda ukaisha, tukatoka.

Nakiri kwamba kicheko kile kiliniuma, na kiliniuma kwa sababu yangu binafsi. Mimi mwenyewe natunga. Ninalo daftari ambalo upande wa mbele lina mashairi ya vina na mizani, na ukiligeuza, upande wa nyuma lina mashairi huru. Mtu mmoja ninayemheshimu sana alilisoma lote, akanirudishia na ushauri wa sentensi moja: nichague upande, la sivyo sitakuwa mshairi wa upande wowote. Kwa hiyo, ndugu msomaji, elewa tangu mwanzo kwamba siandiki makala haya kama hakimu asiye na kesi. Kesi ninayo.

Wapo watakaouliza gitaa lina uhusiano gani na jarida la uhakiki wa fasihi. Swali halali. Lakini sisi ndio tunaofundishwa kila siku kwamba wimbo wa fasihi simulizi ukiunyang'anya sauti, mapigo na hadhira yake unabaki mifupa. Sisi ndio tunaohesabu mizani kwenye vidole. Kama tunadai kwamba fani ina maana na si pambo tu la maudhui, basi muziki usio na maneno ndio mahali pa kuipima imani hiyo, kwa sababu pale hakuna maudhui ya kujifichia. Ni fani tupu, nawe na masikio yako.

Turudi kwa mhusika wetu. McLaughlin alizaliwa Doncaster, katika Yorkshire, tarehe 4 Januari 1942. Mama yake alikuwa mpiga fidla. Gitaa alilishika akiwa na miaka 11, na waliomteka mwanzo ni wapiga bluzi wa Marekani, akina Muddy Waters. Baadaye akamsikia Django Reinhardt, na akiwa bado kijana akavutwa na flamenko. Miaka ya 1960 alikuwa London, akipiga na Graham Bond, na Georgie Fame, na Brian Auger, na pia akifanya kibarua cha studio, yaani unaitwa, unawekewa karatasi ya noti mbele yako, unapiga unachoambiwa, unalipwa, unakwenda zako. Januari 1969 alirekodi London albamu yake ya kwanza, *Extrapolation*, pamoja na John Surman kwenye saksofoni na Tony Oxley kwenye dramu. Mtu angeweza kuishia hapo akahesabiwa miongoni mwa wapiga jazi wazuri wa Uingereza.

Hakuishia hapo. Mapema mwaka huohuo mpiga dramu Tony Williams alimwita New York aingie katika bendi yake mpya ya Lifetime. Hajakaa hata mwezi, akajikuta studioni na Miles Davis. Tarehe 18 Februari 1969 walirekodi *In a Silent Way*. Kuna kisa cha siku ile ambacho McLaughlin mwenyewe amekisimulia mara nyingi. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Joe Zawinul, umejaa mabadiliko ya sauti, na Miles hakuutaka hivyo. Akauvua karibu nguo zote, ukabaki uti wa mgongo. Kisha akamgeukia yule kijana mgeni, akamwambia apige kama mtu asiyejua kupiga gitaa.

Hebu tulitazame agizo hilo vizuri, maana kwangu mimi ndio ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Mtu amesafiri kuvuka bahari, ametumia miaka kumi na sita kujifunza kupiga, amefika mbele ya mwanamuziki aliyemwabudu tangu utotoni, na anachoambiwa ni: sahau. Usipige ulichokuja nacho. Ukiisikiliza rekodi utasikia gitaa linaanza polepole, noti zinatoka moja moja kama mtoto anayesoma kwa kufuata mstari kwa kidole. Hakuna madoido. Watu wengi huisifu sehemu ile kwa utulivu wake. Mimi nasikia hofu ndani yake, na nasikia mtu anayeamua kuwa mwanafunzi tena akiwa na miaka 27. Agosti mwaka ule walirekodi *Bitches Brew*, na humo kipande kimoja kilipewa jina lake kamili, "John McLaughlin".

Sasa njoo 1971. McLaughlin ameanza kumfuata mwalimu wa kiroho wa Kihindi aliyeishi New York, Sri Chinmoy, na amepewa jina la Mahavishnu. Anaunda bendi, Mahavishnu Orchestra. Walikuwa watu watano: Billy Cobham, mzaliwa wa Panama, kwenye dramu, Jan Hammer, Mcheki, kwenye vinanda, Jerry Goodman, Mmarekani, kwenye fidla, Rick Laird wa Ireland kwenye besi, na yeye mwenyewe, amevaa nguo nyeupe, ameshika gitaa la shingo mbili, shingo moja ya nyuzi sita na nyingine ya nyuzi kumi na mbili. Walitoa *The Inner Mounting Flame* mwaka 1971 na *Birds of Fire* mwaka 1973.

Muziki huu ulipigwa kwa sauti kubwa ya roki, lakini asiyesikiliza mizani yake hajausikia. Sisi tumezoea mshororo wa mizani kumi na sita, nane kwa nane. Sikio linajua kituo kiko wapi hata kabla ya kufika. Roki na dansi nyingi nazo ni hivyohivyo, nne na nne zake. Kibao cha "Birds of Fire" kinakwenda kwa mapigo kumi na manane. Mara ya kwanza nilijaribu kukihesabu kwa vidole nikapotea. Mara ya pili nikapotea. Mara ya tatu nikaacha kuhesabu nikaanza kutikisa kichwa, na hapo ndipo nikagundua kwamba mwili wangu ulikuwa umeshaelewa kabla ya akili. Kuna kanuni pale, tena kali kuliko tulizozizoea, ila kituo kimesogezwa mbali.

Mfano bora zaidi kwa maoni yangu ni "The Dance of Maya", katika albamu ya kwanza. Gitaa linaanza na mfuatano mzito wa sauti, kwa mapigo kumi, mfuatano wa kutisha kidogo kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Katikati, bila taarifa, linaingia bluzi la kuchezeka kabisa, la baa, la kutabasamu. Unajiuliza: huyu jamaa amechoka na wimbo wake? Kumbe la. Mwishoni ule mfuatano wa mwanzo unarudi na kupandishwa juu ya lile bluzi, na vyote viwili vinatoshana kama sahani na kifuniko chake. Vilikuwa na mizani moja tangu mwanzo, sisi ndio hatukujua. Mtu akiniambia mseto wa aina hii ni ukinyonga nitambishia mpaka asubuhi. Kinyonga huchukua rangi ya mti alipokaa. Huyu anaonyesha kwamba miti miwili tuliyodhani ni tofauti imeshikana mizizi.

Na kuna "One Word", katika *Birds of Fire*. Humo gitaa, fidla na kinanda vinalumbana. Kila mmoja anasema lake na kumwachia mwenzake, na zamu zinazidi kufupika, mpaka mwisho wanakatizana kwa vifungu vifupi kama watani waliofahamiana miaka mingi. Waliosoma mashairi ya kujibizana wataelewa raha yake. Yule wa kwanza akitupa neno, wa pili hawezi kujibu kwa vina vyovyote apendavyo. Lazima alidake lilelile alilotupiwa, kisha aligeuze.

Lakini malumbano ya jukwaani hayakufika nyumbani. Bendi ile ilivunjika mwishoni mwa 1973, na sababu mojawapo inayojulikana ni nani atunge. Nyimbo zote za albamu mbili za studio zilikuwa na jina la McLaughlin. Wenzake nao walikuwa na tungo zao na walitaka zipigwe. Katikati ya 1973 walirekodi London albamu ya tatu iliyokuwa na tungo za Hammer, Goodman na Laird, lakini ikawekwa kabatini na haikutoka mpaka 1999. Mashabiki wake hupenda kulipita jambo hili harakaharaka. Mimi naona lisipitwe. Mtu aliyejenga sanaa yote juu ya kujibizana alishindwa, pale ilipohusu jina kwenye jalada, kumwachia mwenzake zamu.

Mahavishnu ya pili siikawii. Ilikuwa na watu wengi zaidi na mpiga fidla Mfaransa, Jean-Luc Ponty, na mwaka 1974 ilitoa *Apocalypse* pamoja na London Symphony Orchestra, msimamizi wa kurekodi akiwa George Martin, yule wa Beatles. Majina makubwa. Nimeisikiliza mara nne kwa nia njema, na kila mara naona okestra imekaa upande wake kama wageni wa heshima kwenye harusi: wamevaa vizuri, wanapiga makofi, lakini hakuna aliyewaomba wacheze. Hapo mwenzangu wa semina angekuwa na haki ya kucheka. Si kila mchanganyiko ni mseto. Mchele na mchanga ukivichanganya unapata kazi ya kuchambua.

Sasa tufike mahali ambapo hasa nilitaka kufika, yaani Shakti.

Wakati bado yuko kwenye makelele ya Mahavishnu ya kwanza, McLaughlin alikuwa anakwenda Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, kujifunza chombo cha nyuzi cha India ya Kusini kwa mwalimu S. Ramanathan. Chombo chenyewe kinaitwa veena. (Msicheke. Ndiyo, mshairi wa gitaa alikwenda kutafuta vina.) Yaani usiku anapigiwa makofi na maelfu, mchana anakaa chini mbele ya mwalimu na kukosolewa. Baada ya hapo aliunda kundi na vijana wa Kihindi: L. Shankar kwenye fidla, Zakir Hussain kwenye tabla, T. H. Vinayakram kwenye ghatam, ambao ni mtungi wa udongo unaopigwa kwa viganja na vidole. Mwanzoni alikuwapo pia R. Raghavan kwenye ngoma ya mridangam. Umeme wote ukazimwa. Walikaa chini jukwaani, miguu wameikunja, na gitaa lilikuwa kavu.

Hata gitaa lenyewe lilibidi lijifunze upya. Alitengenezewa moja na fundi Abraham Wechter, lenye nyuzi saba za ziada zilizopita mshazari juu ya tundu, chini ya zile sita za kawaida, ili ziwe zinavuma zenyewe na kuweka msingi. Mbao ya shingo nayo ikachongwa vibonde katikati ya vile vyuma, ili kidole kiweze kuuvuta uzi chini na sauti iteleze kama kwenye veena. Naomba tulizingatie hili. Wako wanamuziki wengi wa roki wa enzi zile waliotia sitari mbili tatu kwenye wimbo kama mtu anayetia bizari kwenye mchuzi, na wimbo ukabaki ni uleule. Huyu alikubali chombo chake kitobolewe.

Halafu kuna jambo ambalo wahakiki wa uasilia hulisahau. India si moja. Zakir Hussain alitoka katika mapokeo ya Kaskazini, mwana wa mpiga tabla maarufu Alla Rakha. Shankar na Vinayakram walitoka katika mapokeo ya Kusini, yenye ngoma zake, istilahi zake na waalimu wake. Kuwaweka hawa jukwaa moja kulikuwa ni mseto tayari hata kabla yule Mwingereza hajagusa uzi. Kwa hiyo hoja ya kwamba upande mmoja kulikuwa na muziki "safi" na upande mwingine mwizi aliyekuja kuuchafua, haisimami. Sisi watu wa huku tungepaswa kulijua hilo mapema, kwa sababu tabla imekaa kwenye taarabu ya Mombasa miaka mingi, na tuni za filamu za Kihindi alizozitia maneno ya Kiswahili Juma Bhalo zilichezwa kwenye harusi bila mtu kuomba cheti cha kuzaliwa cha wimbo.

Pamoja na hayo sitaki kumsafisha kupita kiasi. Albamu ya kwanza ya kundi lile, iliyorekodiwa mbele ya hadhira mwaka 1975 na kutoka 1976, inaitwa *Shakti with John McLaughlin*. Jina lake liko kwenye jalada. Majina ya wale wengine unayakuta ndani. Najua soko lina sheria zake, na kampuni inataka jina linalouza. Lakini Vinayakram na mtungi wake hakuwa msindikizaji, na anayesikiliza "Joy", kibao cha dakika kama kumi na nane, atashindwa kusema nani anamfuata nani.

Jambo lililonifanya nikae kitako ni namna wanavyohesabu. Katika mapokeo ya Kusini kuna sanaa iitwayo konnakol: mapigo yanasemwa kwa mdomo kabla hayajapigwa kwa mkono. Nne ni *ta ka di mi*. Tatu ni *ta ki ta*. Tano ni *ta di gi na tom*. Ukiunganisha tatu na nne unapata saba, ukiunganisha tano na nne unapata tisa, na kadhalika mpaka upate sentensi ndefu za mapigo zenye vituo, marudio na kibwagizo. McLaughlin aliipenda sanaa hii kiasi kwamba mwaka 2007 alitoa mafunzo yake kwenye video akiwa na mpiga ngoma V. Selvaganesh, mwana wa Vinayakram.

Kwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hili ni jambo la kushtua kidogo. Silabi! Watu hawa wanahesabu silabi, kama sisi. Ila wao hawakubaliani na sisi kuhusu kazi ya hesabu. Katika ule mgogoro wetu maarufu wa miaka ya 1970, upande mmoja ulishika kwamba bila vina na mizani hakuna shairi, kama alivyokuwa amekwisha kuziandika kanuni Kaluta Amri Abedi mwaka 1954. Upande mwingine, akina Kezilahabi na *Kichomi* yake ya 1974, wakaona kanuni zile zinaubana ushairi. Pande zote mbili, naona mimi, zilikubaliana kimyakimya juu ya jambo moja: kwamba kanuni ni ukuta. Wa kwanza walisema ukuta unatulinda, wa pili wakasema unatufunga. Katika "Joy" kanuni ni ngazi. Mpigaji anajua kabisa duara la mapigo litafungwa wapi, na kwa kuwa anajua, anathubutu kwenda mbali, anagawa saba ndani ya nane, anachelewa makusudi, unadhani amepotea jamani, halafu wote watano wanatua pamoja kwenye pigo moja. Anayebuni papo kwa papo hapo hajaiacha kanuni. Ameibeba mgongoni na anakimbia nayo.

Sidai kwamba hili linaumaliza mgogoro wetu. Nadai tu kwamba tangu nilisikie, nimeacha kuona haya kwa daftari langu kuwa na pande mbili.

Nije kwenye umahiri wa mkono, maana hapo ndipo wapenzi wake wengi hukwama. McLaughlin ana kasi. Ana kasi ya kutisha, na tofauti na wapigaji wengi ambao hugonga noti moja na kuziacha mbili tatu ziteleze, yeye huigonga karibu kila noti kwa kipande chake cha kupigia, kwa hiyo hata zikiwa nyingi kiasi gani unazisikia zimekatwa moja moja kama vigae. Hiyo ndiyo saini yake ya kwanza, na iko kwenye umeme, iko kwenye gitaa kavu, iko 1971 na iko 2017. Lakini saini si ujumbe. Katika *Love Devotion Surrender*, albamu ya 1973 aliyopiga na Carlos Santana, zipo dakika ambazo wanaume wawili wanashindana kumwaga noti kama watu wawili wanaoongea kwa wakati mmoja kwenye daladala, na Santana ambaye ana noti chache ndiye nayemkumbuka.

*Friday Night in San Francisco* ni kesi ngumu zaidi. Ilirekodiwa ukumbi wa Warfield tarehe 5 Desemba 1980, ikatoka 1981: gitaa kavu tatu tu, McLaughlin, Al Di Meola wa Marekani, na Paco de Lucía wa Hispania. Wengi huinunua kwa sababu ya mbio, na mbio zipo, watazamaji wanapiga mayowe. Ila sikiliza Paco anavyopiga kwa vidole vitupu kama ilivyo desturi ya flamenko, na wale wawili kwa vipande vya kupigia. Katika "Frevo Rasgado", utunzi wa Mbrazili Egberto Gismonti, McLaughlin na Paco wako wawili peke yao kwenye muziki ambao si wa kwao wote. Hapo kasi inaacha kuwa maonyesho. Kila mmoja anamwangalia mwenzake avuke kwanza.

Sasa nirudi kwenye fasili ya mwenzangu: funika jina, je, utamtambua? Upo utunzi mmoja ambao unafaa kwa mtihani huo kuliko wote, "Lotus Feet". Ni tuni fupi, ya polepole, karibu ya kitoto. Mwaka 1976 aliitoa mara mbili. Mara moja katika *Shakti with John McLaughlin*, gitaa kavu na fidla vikitembea bega kwa bega. Mara nyingine katika *Inner Worlds*, albamu ya Mahavishnu Orchestra, ambamo gitaa limeunganishwa na mitambo ya umeme hata halisikiki tena kama gitaa. Kisha mwaka 1997 kundi lilifufuliwa kwa jina la Remember Shakti, na katika albamu iliyotoka 1999 tuni ileile inarudi, safari hii pamoja na filimbi ya Hariprasad Chaurasia. Mavazi matatu. Mtu aliyejulikana kwa kasi kuliko wote, katika utunzi anaourudia miaka ishirini na zaidi, haongezi kasi hata mara moja. Anaiacha noti inyamaze mpaka iishe. Mimi hapo nasikia kijana wa Februari 1969 aliyeambiwa apige kama asiyejua.

Ya karibuni niyataje kwa ufupi. Mandolini ya umeme ya U. Srinivas ndiyo iliyoipa Remember Shakti sauti yake, mpaka Srinivas alipofariki mwaka 2014. McLaughlin aliunda pia kundi la 4th Dimension, lenye Mkameruni Etienne Mbappé kwenye besi, ambaye hupiga huku amevaa glavu nyeusi. Mwaka 2017, akiwa na miaka 75, alizunguka Marekani akizipiga tena nyimbo za Mahavishnu, na mwaka 2018 alipata tuzo ya Grammy kwa solo yake katika "Miles Beyond", wimbo wa 1973 wa kumkumbuka yule aliyemwambia asahau. Mwaka 2023 Shakti ilitoa *This Moment*, ikapata Grammy Februari 2024. Safari hii jalada linasema Shakti, basi. Jina lake halipo mbele ya wenzake. Ilichukua miaka karibu hamsini, lakini niliposoma jalada lile nilifurahi kama niliyelipwa deni. Zakir Hussain alifariki San Francisco Desemba 2024.

Wiki mbili zilizopita nilimkuta mwenzangu wa semina amekaa nje ya bweni, nikamvika visikilizio bila kumwambia ninachompigia. Nikampa "Lotus Feet" ya *Inner Worlds*. Akasema hicho ni kinanda. Nikanyamaza, nikampa ile ya Shakti. Alisikiliza kama dakika moja, akainua kidole.

"Mbona huu ni wimbo uleule?"

Nikamuuliza, na aliyepiga je?

"Wimbo nimesema ni uleule," akajibu. "Mtindo sijasema." Kisha akaniuliza kama iko nyingine, nikamwambia iko ya tatu, ina filimbi. Akanyoosha mkono nimpe simu.